Kabla ya kusoma jeni, tutunze kinyama cha mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nichangie makala yenu ya afya kuhusu uvimbe wa ubongo kwa watoto, ile iliyosema wanasayansi wanaweza kupima jeni za uvimbe, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili (seli), na kujua mapema mtoto yupi atapona na yupi hatapona. Mwandishi alijitahidi, sina ugomvi naye. (Picha mliyoipambia makala ilikuwa ya ini, si ya ubongo. Wengine tumezeeka na hadubini, mambo hayo hayatupiti.) Kilichonifanya nishike kalamu ni jinsi makala ile ilivyosomwa huku kwetu Buswelu.

Haikupita wiki, jirani yangu aliniletea baba mkwe wake, mzee wa Sengerema, gazeti lenu likiwa limekunjwa mfukoni mwa koti. Mjukuu wake, mvulana wa darasa la pili, amelazwa akisubiri kupasuliwa kichwa. Nikamwamkia, akaitikia, chai akaikataa, akaingia kwenye shida yake moja kwa moja.

"Mama Kulwa, wanasema wewe ndiye uliyekuwa unapima vinyama hospitali. Hiki kipimo cha jeni kinafanyika wapi? Maana kama kitasema mtoto hatapona, ng'ombe nisiwauze."

Hakusema kwa ukatili. Ana wajukuu wengine, na ng'ombe waliobaki zizini ndio ada ya shule, ndio mahari ya kitinda mimba wake, ndio chakula mvua ikigoma. Alikuwa anauliza swali ambalo makala yenu ilimpa haki ya kuliuliza. Mimi nikakaa naye barazani tukaongea mpaka jua likaingia nyuma ya mawe. Barua hii ina yale niliyomwambia, na pia yale niliyoyaacha kwa sababu hayamhusu yeye, yanawahusu wenye hospitali.

Nijitambulishe kwanza. Ni mstaafu wa maabara ya patholojia. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa kupokea vinyama, yaani vipande vya mwili vilivyotolewa ili vipimwe, kutoka chumba cha upasuaji, kuvizamisha kwenye nta ya moto mpaka vigeuke bloku, kuvikata vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kuvibandika kwenye slaidi, kuvipaka rangi, kisha kumpelekea daktari bingwa atoe jibu. Mgonjwa kwangu alikuwa namba. Uvimbe unaohofiwa kwa mjukuu wa mzee, ukithibitika, unaitwa meduloblastoma. Ndiyo saratani ya ubongo inayowapata watoto kuliko nyingine zote zile kali. Inaota kisogoni, kwenye ubongo mdogo unaoshika mizani ya mwili, na ndiyo maana mtoto huanza kuyumba akitembea. Ukiutazama chini ya hadubini unaona chembe ndogo za mviringo, buluu iliyokoza, zimebanana kiasi kwamba hakuna nafasi kati ya moja na nyingine. Hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huitambua slaidi ile baada ya kuonyeshwa mara moja.

Tatizo ni kwamba slaidi mbili zinaweza kufanana hivyo na watoto wenyewe wakaishia pande mbili tofauti. Kuna mama wa Magu ambaye kila akija kliniki alikuwa anachungulia dirishani kwetu kutusalimia, binti yake pembeni, mrefu kumpita mama. Kuna wengine ambao ndugu walikuja kuchukua jibu wakati matanga yameshaanuliwa. Madaktari walikuwa na vigezo vyao, na bado wanavitumia: mtoto ana umri chini ya miaka 3 au zaidi, mabaki ya uvimbe baada ya upasuaji yanazidi sentimita za mraba 1.5 au hayazidi, ugonjwa umeshashuka kwenye uti wa mgongo au bado. Vinasaidia. Ila hata watoto waliowekwa kapu moja kwa vigezo hivyo walikuwa wakiachana njiani, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Hapo ndipo jeni zilipoingia. Kila chembe ya mwili ina jeni zilezile, takriban 20,000, iwe ya ini au ya ubongo. Kinachotofautisha ni zipi zimefunguliwa na zinafanya kazi kwa kasi gani. Pita mtaa wa Makoroboi alfajiri, kisha rudi saa sita mchana: maduka ni yaleyale, lakini kwa kutazama yapi yamefunguliwa na yapi yamejaa watu utajua mji uko kwenye shughuli gani. Jeni iliyofunguliwa hutoa nakala ziitwazo RNA, na nakala hizo zinahesabika. Wanachukua kipande cha kioo kidogo kilichopandwa vinasa vya maelfu ya jeni, wanaipa RNA ya uvimbe rangi inayong'aa, wanaimwaga juu yake. Kila nakala inashika kinasa chake, mashine inasoma mwanga wa kila nukta. Nukta inayowaka sana, jeni hiyo iko kazini. Iliyo giza, imefungwa.

Januari 2002 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Scott Pomeroy wa hospitali ya watoto ya Boston, Todd Golub wa taasisi ya Whitehead na wenzao. Walikuwa na sampuli 99 za uvimbe wa ubongo, na kila moja waliipima jeni 6,817. Kwanza walionyesha kwamba aina za uvimbe ambazo madaktari wa hadubini walikuwa wakibishana miaka mingi kama ni kitu kimoja au ni vitu tofauti, kwa jeni ni tofauti kabisa. Halafu wakachukua watoto 60 wenye meduloblastoma ambao mwisho wao ulishajulikana. Walimtoa mtoto mmoja pembeni, wakaifundisha kompyuta kwa wale 59 waliobaki, kisha wakaiuliza: huyu wa pembeni, je? Wakamrudisha, wakamtoa mwingine, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Kwa jeni 8 tu, kompyuta ilipatia watoto 47 kati ya 60. Kundi ambalo ilisema litapona, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kundi ambalo ilisema matibabu yatashindwa, asilimia 17.

Kilichonivutia mimi zaidi ya asilimia ni jeni zenyewe. Kwenye uvimbe wa watoto waliopona zilikuwa zimefunguliwa jeni za ubongo mdogo uliokomaa, ikiwamo moja iitwayo TRKC, kana kwamba chembe zile bado zinakumbuka zilikusudiwa kuwa nini. Kwa wale ambao matibabu yalishindwa, jeni zilizopamba moto zilikuwa za kugawanyika, za kuunguza sukari na za kutengeneza protini. Yaani uvimbe umesahau kila kitu, umebaki na kuzaana tu. Chini ya hadubini yangu chembe hizo zote ni buluu ileile.

Sasa rudini barazani kwangu. Mzee nilimwambia hesabu hizo bila kuzipunguza. Nikamwambia wamekosea watoto 13 kati ya 60, na kati ya hao 13 kila mmoja ana babu yake. Nikamwambia hata kundi lililowekwa upande mbaya, si wote walikufa. Halafu nikamwambia jambo ambalo makala yenu haikulisema hata kwa mstari mmoja, na ambalo ndilo nawalaumu kuliko ile picha ya ini: watoto wote wale 60 walitibiwa. Kipimo kinasema kati ya waliotibiwa nani anaelekea wapi. Hakisemi neno lolote juu ya mtoto ambaye hakutibiwa, kwa sababu huyo hahitaji kompyuta. Meduloblastoma ikiachwa inaua, hata ile yenye jeni za heri kuliko zote.

"Kwa hiyo hakinisaidii," akasema.

Nikamjibu, "Hakikusaidii wewe kuamua juu ya ng'ombe, mzee. Kinamsaidia daktari kuamua juu ya mionzi."

Hilo lilihitaji maelezo, na nadhani hata wasomaji wenu wanayahitaji. Baada ya upasuaji, mtoto aliyefikisha umri hupigwa mionzi kichwa kizima na uti wa mgongo wote, kila siku ya kazi kwa takriban wiki 6, pamoja na dawa za saratani. Mionzi hiyo inaokoa maisha, ila inapita kwenye ubongo unaokua. Anayepona anaweza kubaki mfupi, akawa mzito wa kushika masomo, homoni zake zikayumba, na moja ya dawa zinazotumika sana, sisplatini, inaweza kumpunguzia usikivu. Walio kwenye hatari kubwa hupewa grei 36 (grei ni kizio cha kupimia mionzi) kwenye ubongo na uti wa mgongo, wenye hatari ya kawaida grei 23.4, halafu sehemu uvimbe ulipoota ikaongezewa. Kumpa mtoto kiwango kikubwa cha mionzi asichokihitaji ni kumwibia akili. Kumpa kidogo wakati alihitaji kikubwa ni kumpoteza. Kwa hiyo kujua tabia ya uvimbe wenyewe, badala ya kukisia kwa umri na ukubwa wa mabaki, ndiyo faida yenyewe ya kazi hii. Hospitali zilizoendelea sasa zinafanya majaribio ya kuwapunguzia mionzi wale ambao jeni zao zinaonyesha watapona. Kumfungia mtoto mlango haikuwa nia ya mtu yeyote aliyeanza utafiti huu.

Na mambo hayakuishia 2002. Vikundi vya watafiti wa nchi mbalimbali viliendelea kuhesabu jeni, na kufikia 2012 wakakubaliana kwamba meduloblastoma ni magonjwa manne yaliyojificha ndani ya jina moja: WNT, SHH, kundi la 3 na kundi la 4. Watoto wa WNT wakitibiwa inavyotakiwa, zaidi ya 9 kati ya 10 wanapona. Kundi la 3 ndilo gumu, hasa jeni iitwayo MYC ikiwa imejirudufu. Toleo la 2016 la kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kuainisha uvimbe wa ubongo likaingiza mgawanyo wa jeni ndani ya jina la ugonjwa, na la 2021 likaendeleza. Kwa hiyo leo daktari akiandika "meduloblastoma" peke yake kwenye fomu, kitabuni hajamaliza sentensi.

Mnaweza kuuliza, sisi wa kanda ya ziwa haya yanatuhusu nini? Nitasema kwanza yale yanayotuhusu kuliko jeni.

Huku kwetu mtoto wa namna hii anaanza kuumwa kichwa asubuhi. Anatapika, kisha anajisikia nafuu, anakwenda shule. Uvimbe umeziba njia ya maji ya ubongo, maji yanajaa, na usiku akiwa amelala chali yanambana zaidi. Zahanati wanampima malaria. Wanampa dawa ya minyoo. Wanamtibu taifodi. Baadaye jicho linaanza kwenda pembeni, wanasema ni macho, atafutiwe miwani. Anaanza kuyumba, na hapo ndipo bibi mmoja kwenye ukoo anapotaja jina la mtu aliyekosana na familia. Anapofika kwenye kipimo cha CT miezi imeshapita. Akipasuliwa na kuwekewa mpira wa kushusha maji, kazi ndiyo kwanza inaanza: wiki 6 za mionzi mama anakaa wapi, kama katoka Ukara au Chato? Anakula nini? Nani anabaki na wale wadogo? Wengine hukatisha matibabu katikati, na wala huwezi kuwalaumu ukiwaona wamelalia kanga nje ya wodi. Utabiri ule wa kompyuta wa Boston haukufundishwa kwa hata mmoja wa watoto hawa. Ukiuleta hapa ulivyo, utapima jeni nane kwa umakini na kukosea kwa sababu ya nauli.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona. Nchi tajiri zimeshapita asilimia 80. Nchi nyingi maskini ziko chini ya 30. Pengo hilo halikuletwa na jeni.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wale wanaosema jeni ni mambo ya wazungu, tusubiri zamu yetu. Ziwa hili lina historia. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya kwa watoto, ule ambao mpaka leo mtu yeyote aliyefanya kazi wodi ya watoto pande hizi anaujua kwa kuuona mlangoni. Mwisho wa 1963 kinyama cha mgonjwa mmoja kilipakiwa ndegeni kutoka Kampala kwenda London kwa mtafiti wa virusi Anthony Epstein. Ukungu ukaigeuza ndege ikatua Manchester, kinyama kikachelewa, na kilipofika majimaji yake yalikuwa yamechafuka kiasi kwamba ilikuwa rahisi kudhani yameoza na kuyamwaga. Hakumwaga. Alitazama kwanza kwenye hadubini, akakuta ni chembe za uvimbe zinazoelea zikiwa hai. Zikaoteshwa, na mwaka uliofuata kikatangazwa kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr, cha kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kilichowezesha yote hayo ni kinyama kilichofungwa vizuri na mtu aliyekuwa upande huu wa safari, na jina lake halitajwi vitabuni.

Kazi ya 2002 ilihitaji vinyama vilivyogandishwa kwa baridi kali mara tu vilipotolewa, kwa maana RNA huanza kumeng'enywa papo hapo. Kwa umeme wetu hilo tuliache. Lakini miaka 10 baadaye kikatoka kipimo kinachohesabu jeni 22 tu, kinachotambua makundi yote manne, na kinafanya kazi kwenye bloku ya nta, hata iliyokaa rafuni miaka kadhaa. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameshaonyesha kwamba kwa kupaka slaidi kingamwili chache (protini ambazo kila moja hushika alama yake maalumu kwenye chembe), kwa kazi ileile ya mkono niliyokuwa naifanya, unaweza kumtenga WNT na SHH na waliobaki. Kupaka kingamwili si miujiza. Kinachotakiwa ni dawa zenyewe, daktari wa patholojia anayejua kusoma, na bloku nzuri.

Bloku nzuri. Hapa ndipo nilipokuwa nakuja, Mhariri, na samahani kwa kuzunguka.

Nimepokea vinyama vya ubongo wa watoto vikiwa ndani ya kidole cha glovu kilichofungwa fundo. Nimepokea vilivyozungushiwa gozi kavu, vimenyauka mithili ya karafuu. Nimepokea vilivyotiwa kwenye maji ya dripu kwa sababu formalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, ilikuwa imekwisha, vikawa vimelainika, ukivigusa vinasambaratika. Nakumbuka kimoja kilikuja kutoka ng'ambo, enzi hizo bado tunasubiri kivuko cha Kigongo na daraja halijafikiriwa, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Kinyama kikiwa kibichi kilipita shingoni bila shida. Formalini ikakikaza, na kilipofika kwangu hakikutoka. Mwenzangu aliikata chupa kwa wembe, pole pole, huku mimi nimeishika kwa mikono miwili na macho yanatuchuruzika kwa mvuke. Tuliambulia bloku moja, na nusu yake haikufaa kusomwa. Mtoto alikuwa na miaka 5.

Na hata kilichofika salama hakina uhakika wa kudumu. Hospitali moja, sitaitaja, waliishiwa nafasi ya stoo. Bloku za miaka mingi zilikuwa kwenye maboksi chini ya bati, joto la mchana linailainisha nta, lebo zinabanduka, mchwa wanakula maboksi. Badala ya kuzihamisha wakaamua kuzichoma kwenye tanuru la taka. Niliuliza, nikajibiwa kwamba majibu yalishatolewa, bloku za nini tena? Ndani ya maboksi yale kulikuwa na vinyama vya watoto ambavyo leo vingeweza kupimwa, tukajua angalau WNT kwetu ni wangapi, kundi la 3 ni wangapi, na waliopona walipona kwa nini. Ule ndio ungekuwa utabiri uliofundishwa kwa watoto wetu wenyewe. Boksi moja la viatu linabeba bloku mamia. Hatukuomba jengo.

Kwa hiyo ombi langu kwa hospitali za kanda hii, kuanzia ya rufaa pale kilimani Bugando mpaka za wilaya Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga na Kagera, ni la rafu na chupa. Formalini asilimia 10 yenye bafa, iwepo chumba cha upasuaji kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, na ujazo wake uwe angalau mara 10 ya kinyama. Chupa iwe ya mdomo mpana. Kinyama cha Ijumaa kisisubiri Jumatano, maana formalini ikizidi siku 3 inaanza kuharibu kilekile tunachokitafuta. Bloku za saratani za watoto zitengewe kabati lake, chumba chenye ubaridi, na daftari linaloonyesha mtoto alitibiwa nini na yuko wapi sasa. Daftari hilo ni muhimu sawa na kabati: bloku bila habari za mtoto ni nta tu. Na wazazi waombwe ruhusa kwa lugha wanayoielewa. Sijawahi kuona mzazi akikataa akishaelezwa kwamba itamsaidia mtoto wa mwenzake.

Wazazi nao wana la kufanya. Mtoto akitolewa kinyama, ombeni namba ya patholojia, muiandike kwenye daftari lake la kliniki. Mkihamishiwa Dar es Salaam au popote, namba hiyo ndiyo itakayoifukuzia bloku. Jirani yangu ameshaiandika kwenye jalada la ndani, na nyingine kaituma kwa simu kwa mumewe. Mjukuu wa mzee alipasuliwa, ametolewa mpira, anakula uji na kulalamika kwamba hana sukari ya kutosha. Jibu la patholojia bado. Mzee alirudi Sengerema kwa daraja jipya. Aliuza ng'ombe wangapi, hilo sikumuuliza.

Nanyi gazetini, mkirudia mada hii, wekeni kwenye fremu zile dalili, zahanati zikate na kubandika ukutani: kichwa kinachouma asubuhi kwa wiki kadhaa, kutapika bila kuharisha, kuyumba, jicho kwenda pembeni, mtoto mdogo kichwa kukua haraka. Malaria ikishapimwa ikakosekana mara ya pili, apelekwe mbele. Na kama mna mhariri anayefahamiana na wauguzi wa chumba cha upasuaji, awafikishie salamu zangu hizi: jina na namba ya mgonjwa viandikwe ubavuni mwa chupa, visiandikwe kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana vikifunguliwa mezani, nimeona.

Wako,
Mama Kulwa,
Mstaafu wa maabara, Buswelu, Mwanza